Steringi wa darasa la nne

Wiki hii sikuandikii kutoka kijiweni kama ulivyozoea. Nilikuwa Utete, Rufiji, nyumbani kwao mama yangu mzazi. Wale mlioniletea barua kuhusu wachumba wanaokopana hela halafu wanasusiana, mniwie radhi. Mada ipo, haijachacha, tutaila wiki ijayo.

Ilikuwa hivi. Ijumaa usiku simu inalia, naangalia, dada yangu. Dada huyu si mtu wa kupiga simu usiku. Napokea, ananiambia, "Kaka, njoo. Kuna mtu amekuja kumtaka mtoto."

Bwana we! Mtoto mwenyewe ana miaka kumi, yuko darasa la nne! Nikaruka kitandani, nikawa natafuta viatu gizani, mkono mmoja simu, mkono mwingine chini ya uvungu. Nikauliza anamtaka kivipi, huyo mtu ana ndugu wa kumzika? Dada akacheka. "Anamtaka kwenye sinema, kaka. Awe steringi."

Nikakaa. Halafu nikasimama tena, maana nilivyofikiria vizuri nikaona hata hiyo si habari ya kulalia.

Asubuhi nikapanda basi Mbagala. Mkuranga hiyo, Kibiti hiyo, Ikwiriri tukashuka kunywa chai na chapati, kisha Daraja la Mkapa. Vijana mnaopita pale mnalala usingizi tu, hamjui kwamba kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003 tulikuwa tunasubiri pantoni Ndundu mpaka mtu unamaliza hadithi zako zote. Ukifika Nyamwage unakata kulia, unaitafuta Utete. Nikamkuta Bibi barazani, mkekani, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekonda. Huko Dar mnakula karatasi?"

Hapo nikajua nimefika kwetu.

Sasa huyo mpwa wangu nikueleze alivyo, maana bila kumjua hutaelewa kisa. Huyu mtoto ni kioo. Mtu akipita barazani akatoa salamu, akishapiga kona tu, mtoto anasimama na kumrudia: sauti, mwendo, mkono ulivyoshika kiuno, kila kitu. Anamwiga mwalimu mkuu akitangaza michango. Anamwiga mama muuza samaki akipunguziwa bei. Mimi mwenyewe nilipofika nikaombwa nikae chini, kisha nikaonyeshwa jinsi mjomba kutoka Dar anavyotembea na begi huku anaogopa vumbi lisiingie kwenye viatu. Watu walicheka mpaka shemeji akamwaga maji. Mimi nilicheka pia, ila viatu nikavua.

Huyo bwana wa sinema alikuja Rufiji kutafuta mandhari: mto, mitumbwi, minazi, viboko kama wangekubali. Akapita sokoni, akamkuta mtoto amezungukwa na watu, yuko kazini. Akasimama nusu saa nzima. Jioni akaja nyumbani kwa adabu zake zote, na sukari kilo mbili. Kwamba anapiga filamu Dar, wiki tatu, mwezi wa kumi. Mtoto atakaa kwa dada yake yeye huyo bwana. Malipo laki mbili, mkononi, anapewa mzazi. Akaacha namba ya simu, akaondoka.

Tangu siku hiyo nyumba ile haikulala. Dada yangu anataka, anaogopa. Shemeji anataka, haogopi. "Mtoto wetu atakuwa kama Lulu," ndio wimbo wake. Bibi kakaa kimya na ungo wake. Kikao kikaitishwa usiku baada ya kula, wali wa Rufiji na kambare, na mimi, kwa kuwa eti ni mtu wa magazeti, nikapewa nafasi ya kuongea.

Nikaanzia hapo hapo kwenye Lulu, maana ndiye waliyekuwa wanamjua.

Nikawaambia, sawa, Elizabeth Michael, huyu Lulu wenu, alianza utotoni. Nani hakumbuki michezo ya Kaole kwenye ITV? Katoto kamesimama katikati ya watu wazima, hakababaiki. Kakakua mbele ya macho yetu kama mtoto wa jirani. Na kipaji hakikuishia utotoni, maana mwaka 2016 alikwenda Nigeria akarudi na tuzo ya AMVCA, filamu bora ya Afrika Mashariki, *Mapenzi ya Mungu*. Hiyo ndiyo nusu ya hadithi anayoipenda shemeji.

Nusu nyingine mnaijua. Tarehe 7 Aprili 2012 Steven Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, na binti alikuwa pale. Mwezi Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimkuta na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miaka miwili, na Mei 2018 akatoka kumalizia adhabu yake kwa kutumikia jamii. Mimi si hakimu, na mahakama ilishasema neno lake. Ninalolikumbuka mimi ni jinsi nchi nzima ilivyokaa kubishana huyu mtu ana miaka kumi na saba au kumi na minane. Yaani tulimtazama miaka yote hiyo, tukamcheka, tukampigia makofi, tukamsengenya mavazi, na siku ilipofika hakuna aliyejua kama ni mtoto au mtu mzima! Na magazeti, nasema haya huku nimejishika sikio, yaliuza nakala kama karanga.

Shemeji akasema, "Lakini shemeji, hiyo ilikuwa bahati mbaya. Wapo wengine." Kweli wapo. Kanumba mwenyewe alikuwa na jicho la watoto. Mikanda yake kama *Uncle JJ*, wale wadogo wawili, Jennifer na Patrick, walimfunika steringi mwenye sinema yake. Dada yangu akasema huo mkanda ulioneshwa bandani pale Utete mpaka ukakwaruza. Watoto wote wakawa wanaitana Patrick.

Basi nikaona niwatoe nje kidogo. Nikawapeleka Kampala.

Mwaka 2015 mama mmoja Mhindi, Mira Nair, mwenye makazi Kampala, alikuwa anapiga sinema kwa hela ya Disney. Sinema yenyewe *Queen of Katwe*, kisa cha kweli cha Phiona Mutesi, binti wa kitongoji cha Katwe aliyejua kucheza sataranji mpaka akaiwakilisha Uganda kwenye mashindano ya dunia. Mama yake kwenye sinema ni Lupita Nyong'o, mwalimu ni David Oyelowo. Hao ni wakubwa, wanajijua. Lakini Phiona atakuwa nani? Walitazamwa mamia ya wasichana. Aliyepatikana ni Madina Nalwanga, kwenye darasa la ngoma, binti ambaye utotoni alishauza mahindi barabarani kama huyo Phiona mwenyewe. Hajawahi kuigiza. Na sinema ya kwanza kuingia kuitazama kwenye jumba la sinema ilikuwa ya kwake mwenyewe! Hebu fikiria, msomaji. Taa zinazimwa, unajiona wewe, ukubwa wa nyumba.

Mpwa wangu, ambaye tulidhani amelala, akasema kutoka chumbani, "Mjomba, alilia?"

"Lala wewe!" mama yake akamkemea.

Septemba 2016 sinema ikafunguliwa Toronto, watu wakasimama. Kibiashara haikuvuma sana. Iligharimu kama dola milioni 15 na majumbani ikarudisha kama milioni 10. Lakini watoto wa Kampala walikuwa wameonekana dunia nzima, hawakuvaa majani, hawakuokolewa na Mzungu, walikuwa na akili zao na lugha yao.

Kuna mmoja kati ya watoto hao nilitaka nimruke, nikashindwa. Nikita Pearl Waligwa. Yeye alicheza Gloria, yule mdogo anayemfundisha Phiona sataranji, akamweleza kwamba ile kete ndogo kabisa ikivuka ubao wote inageuka malkia. Mwaka ule ule wa 2016 akagunduliwa na uvimbe kwenye ubongo. Mira Nair akahangaika kuomba watu wachange apelekwe India. Akatibiwa, mwaka 2017 madaktari wakasema amepona. Mwaka 2019 uvimbe ukarudi. Tarehe 15 Februari 2020 akafariki. Alikuwa na miaka 15, mwanafunzi.

Barazani pakawa kimya. Bibi akasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu. Huo ni ugonjwa, hauna sinema wala nini." Nikasema ni kweli Bibi, sinema haikumuua. Ninachosema ni kwamba Disney ni kampuni kubwa kuliko nchi nyingine, na bado mtoto alipougua walitafutwa wasamaria.

Nikaona niendelee kidogo na huyu Mira Nair, maana yeye ana kisa kingine kizee zaidi. Mwaka 1988 alipiga *Salaam Bombay!* akiwa na watoto wa mitaani wa kweli, waliookotwa Bombay. Steringi alikuwa Shafiq Syed, mtoto aliyetoroka kwao Bangalore akapanda treni kwenda kuuona huo mji wa sinema. Akaigiza muuza chai, akaigiza mpaka serikali ya India ikampa tuzo ya taifa ya msanii bora mtoto. Sinema ikashinda Cannes, ikapelekwa kugombea Oscar. Na ili kusema haki, kutokana na sinema ile likaanzishwa shirika la kuwasaidia watoto wa mitaani, Salaam Baalak, linafanya kazi mpaka leo. Hapo Mira Nair anastahili heshima yake.

Lakini Shafiq? Akagonga milango ya maprodyuza Bombay, hakuna aliyefungua. Steringi wa muuza chai hutakiwi tena ukishaota ndevu. Akarudi Bangalore, akawa dereva wa bajaji. Tuzo ya taifa nyumbani, yeye barabarani anasubiri abiria.

"Bajaji si kazi?" shemeji akauliza. Shemeji mwenyewe ana bodaboda, nikaona nimekanyaga mguu. Nikasema bajaji ni kazi tena ya heshima, ila kama utaishia kwenye bajaji, ni vizuri iwe ya kwako na uwe umeinunua kwa hela uliyoigiza. Shemeji akatikisa kichwa. Hapo sasa alianza kusikiliza.

Kwa hiyo nikaingia kwenye hela. Na ukitaka kujua habari ya hela za watoto wa sinema, huna budi kwenda Hollywood, maana wao ndio walioliwa kwanza.

Wa kwanza kabisa ni Jackie Coogan, amezaliwa 1914. Charlie Chaplin, yule wa kofia na fimbo, alimwona jukwaani akimsaidia baba yake kuchekesha watu. Akamchukua kwenye *The Kid*, iliyotoka mwaka 1921. Wazee wetu wengine waliiona hii. Chaplin ni fundi vioo maskini, mtoto kazi yake ni kupita mbele akivunja madirisha kwa mawe, halafu fundi anajitokeza kwa mbali kama malaika na vioo mgongoni. Biashara safi! Sinema haina sauti, lakini pale watu wa serikali wanapokuja kumchukua mtoto na yeye ananyoosha mikono analia, sijaona mtu aliyekaa mkavu.

Dunia ikapagawa. Wanasesere wa Jackie Coogan, kofia za Jackie Coogan, mpaka siagi ya karanga yenye jina lake. Akapelekwa Ulaya kuchangisha chakula na nguo za mayatima wa vita, akakutana na Papa. Inakadiriwa alitengeneza dola milioni tatu mpaka nne, na hizo ni hela za wakati ule. Yeye alikuwa anapewa dola sita na senti ishirini na tano kwa wiki za matumizi. Hazikumsumbua, alijua hela zipo kwa baba.

Mwaka 1935, Mei, baba akafa kwenye ajali ya gari. Jackie alikuwa ndani ya gari lile, akapona peke yake. Oktoba ile ile akatimiza miaka 21, akasubiri aitwe apewe chake. Hakuitwa. Mama akaolewa na aliyekuwa meneja wa mambo yao. Wakanunua manyoya, vito, magari. Mwaka 1938 Jackie akamshitaki mama yake mzazi. Na unajua mama alijibu nini? Kwamba hakuna aliyemwahidi chochote, na kwamba mtoto alikuwa anacheza tu, anafurahia. Na sheria ya California ilikuwa upande wa mama! Mshahara wa mtoto mdogo ni mali ya wazazi. Hesabu zilipopigwa, milioni zote zile, Jackie akaondoka na dola 126,000.

Bibi akaweka ungo chini. "Mtoto kamshitaki mama?"

"Ndiyo Bibi."

"Na mama kamla mtoto?"

"Ndiyo Bibi."

"Mh," akasema Bibi. Akachukua ungo tena. Bibi akisema "mh" namna ile, kuna jambo limeandikwa kitabuni.

Kelele za kesi ile ndizo zilizozaa sheria ya mwaka 1939, ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake, Sheria ya Coogan. Mwanzoni ilikuwa na matundu kama wavu wa kambare. Mwaka 2000 wakaifuma upya: asilimia 15 ya malipo ya mtoto inakwenda kwenye akaunti yake iliyofungwa, mzazi haigusi, prodyuza haigusi, mpaka afikishe miaka 18. Jackie mwenyewe alirudi kwenye runinga miaka ya 1960, kipara, mnene, akiigiza Uncle Fester kwenye *The Addams Family*. Watoto waliokuwa wanamcheka hawakujua ndiye yule mtoto wa vioo. Akafariki 1984.

Usidhani ni mama wa Jackie peke yake. Shirley Temple, yule mwenye nywele za mizunguko, mama yake alihakikisha mizunguko iwe 56 kila siku, kuanzia 1935 mpaka 1938 aliongoza Marekani nzima kwa kuvuta watu kwenye majumba ya sinema. Watu wazima wote aliwashinda, akiwa hajatimiza miaka kumi na moja. Studio ikampunguzia umri mwaka mmoja ili abaki mdogo, mwenyewe hajui! Alipokuwa mkubwa akaenda kuuliza hela zake. Kwenye dola milioni tatu na ushei alikuta zimebaki elfu 44. Na baba yake alikuwa nani? Meneja wa benki. Hapo shemeji alicheka mpaka akakohoa.

Ila Shirley hakushitaki mtu. Aliacha sinema, akaingia siasa, na mwaka 1974 akaletwa Afrika kuwa balozi wa Marekani nchini Ghana, akakaa mpaka 1976. Nimeshaziona picha zake Accra, amevaa kitenge, amependeza. Ukiniuliza mimi, huyu ndiye aliyewashinda wote, kwa sababu alipata kazi ambayo haikuhitaji abaki mtoto.

Kuna na mwingine, wazee wa banda mtamkumbuka: Boy, mtoto wa Tarzan. Johnny Sheffield. Alianza 1939 kwenye *Tarzan Finds a Son!*, akiwa na miaka saba au minane. Hiyo Afrika yao ilikuwa California na Florida, minazi ya kupandwa, na Boy huyo tulikuwa tunamwonea wivu kwa kuruka na kamba wakati sisi minazi ya kweli tunaipanda kila siku na hakuna anayetupiga picha. Alipomaliza Tarzan akacheza Bomba, kijana wa porini, filamu kumi na mbili mpaka 1955. Halafu akaenda chuo kikuu, akasoma biashara, akaishi maisha yake kimya. Mwaka 2010, akiwa na miaka 79, alipanda ngazi kukata matawi ya mti wa jamii ya mnazi nyumbani kwake, akaanguka, moyo ukasimama.

"Angeita mkwezi," Bibi akasema. Na huo ndio ulikuwa mwisho wa kikao.

Asubuhi nikaambiwa nimpigie yule bwana, maana mimi ndiye ninayejua maneno. Kabla sijabonyeza, Bibi akaniita. Kumbe usiku hakulala, alikuwa anapanga. Akanipa maswali yake, akahesabu kwa vidole. Moja, kwa nini mwezi wa kumi, na mtoto ana mtihani wa taifa wa darasa la nne? Sinema isubiri likizo ya Desemba, mto hautahama. Mbili, mama yake atafuatana naye na watalala chumba kimoja, habari ya kukaa kwa dada wa mtu hatuijui. Tatu, hizo laki mbili ziwekwe benki kwa jina la mtoto, si mkononi kwa mtu yeyote, "hata huyo baba yake." Shemeji akaangalia bodaboda yake. Nne, akiigiza vizuri wakauza, mtoto anapata nini tena?

Nikuambie ukweli, msomaji, nimeshakaa na wanasheria wa mjini wenye tai, hawajawahi kunipangia maswali manne kama yale. Mimi nikaongeza la tano la kwangu: mkataba wa maandishi, wenye saa za kazi na saa za kulala. Maana Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mtu wa kuajiriwa awe ametimiza miaka 14, na huyu ana kumi. Kwa hiyo nikataka kujua huyo bwana anaiita nini, kazi au mchezo. Kama ni mchezo, kwa nini wiki tatu? Kama ni kazi, tunaongea lugha nyingine.

Akapokea vizuri, sauti tamu. Nikajitambulisha, mjomba wa mtoto. Nikaanza la kwanza, akasema Desemba ngumu, kamera za kukodi. La pili, akasema bajeti haina mama. La tatu akacheka, "Kaka, hela ya mtoto si anapewa mzazi, ndivyo ilivyo siku zote." La nne akanyamaza. Nilipofika kwenye umri akasema mtandao unasumbua, atanipigia.

Sitaki nimwonee. Huenda si tapeli. Nilimuulizia Dar, na kweli ana kikundi, mikanda yake miwili mitatu ipo, watu wanalipwa ingawa kwa kuvutana mashati. Nadhani ni mtu wa kawaida tu anayetaka kupiga sinema kwa hela kidogo, na mtoto ni rahisi kuliko mtu mzima. Hilo ndilo linalonitisha zaidi kuliko angekuwa mwizi.

Leo ni siku ya tano, hajapiga. Dada yangu anasema nimemfukuza riziki. Kanuna, na hata aliponisindikiza stendi hakunibebea begi. Simlaumu. Laki mbili si hela ya kuchezea, na mafuriko ya 2024 wengine shamba lilichukuliwa lote. Mimi nina mshahara, ni rahisi kwangu kusema subiri.

Mtoto ndiye aliyenisindikiza mpaka mlangoni mwa basi. Hakuuliza habari ya hela wala mtihani. Akaniambia, "Mjomba, yule msichana wa Uganda, alipojiona kwenye sinema, alilia au hakulia?" Nikamwambia sijui, mwanangu, nadhani alicheka. Akafikiri kidogo. Halafu akanionyesha: akakaa wima kwenye kiti ambacho hakipo, macho juu, taa zinazimwa usoni mwake, mdomo unafunguka polepole, na kabla sijajua ni kicheko au kilio kinachokuja, konda akapiga mlango, basi likaondoka.

Nimempigia yule bwana mara mbili tangu nirudi, simu inaita haipokelewi. Na kama wewe prodyuza wa kweli unasoma hapa, mwenye nafasi Desemba na kitanda cha mama mtu, niandikie kupitia gazeti hili, maswali ya Bibi ninayo mfukoni. Wale wa wachumba na mikopo, wiki ijayo bila kukosa.